Mwaka Tuliopandisha Bahari Mlimani

Habari ya kifo cha Mwalimu Mwanaidi ilinikuta jikoni kwangu Soni, nimekalia kigoda namenya viazi. Elia ndiye aliyenipigia. Tulisoma naye darasa moja, na mpaka leo hajui kuzungumza kwenye simu bila kupiga kelele, utadhani anamwita mtu ng'ambo ya bonde. "Ruthi! Yule mama wa bahari amefariki! Wamemzika jana huko kwao!" Nikamshukuru kwa taarifa, nikakata simu, nikaendelea kumenya mpaka beseni likafurika, viazi vya kulisha harusi, na nyumbani niko na mjukuu mmoja tu asiyependa viazi. Yule mama wa bahari. Tumezeeka, tumezika wenzetu, na bado tunashindwa kumwita kwa jina lake. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, nikasema moyoni lazima niende. Mimi ni bibi wa kushikwa mkono akivuka barabara, na katika maisha yangu yote maji ya bahari nilikuwa nimeyagusa ndani ya tangi tu, nyuma ya shule ya msingi, Malindi.

Malindi ninayoisema ni ya kwetu Lushoto, si ile ya Kenya. Ni juu kabisa, mahali ambapo mwezi wa saba ukiamka asubuhi unaona moshi unatoka mdomoni mwako na hujavuta kitu. Mwalimu Mwanaidi alitokea kijiji cha wavuvi kaskazini ya Tanga, na alipenda kutuchekesha kwamba alipoambiwa amepangiwa Malindi alifurahi akafungasha kanga nyepesi tupu. "Jina zuri la pwani, kumbe mmeliiba mkakimbia nalo mlimani!" Alipewa nyumba ya vyumba viwili mwisho wa uwanja wa shule, nami nikapelekwa kukaa naye, kwa sababu kwetu kulikuwa mbali na kwa sababu hakuna aliyeona sawa mwanamke kijana alale peke yake. Chumba cha kulala kilitengwa na sebule kwa mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, yamepigiliwa harakaharaka, yana nyufa za kupitisha kidole. Yote niliyoyajua mwaka ule niliyajua kupitia nyufa zile. Jikoni alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, kitu ambacho sikuwahi kukiona, na papa mkavu aliyening'inia juu ya moto akitoa harufu ambayo ilinitapisha juma la kwanza, na juma la tatu nikawa naiota. Majirani wakipita njia ya chini walikuwa wanaziba pua. Yeye akiwasikia anacheka, anachungulia dirishani na kusema, "Karibuni, ni chakula tu jamani!" Hakuna aliyekaribia.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kila shule ilitakiwa ijitegemee, iwe na mradi wake. Mwalimu Mkuu wetu, mzee Mshambaa mpole, mwimbaji wa kwaya kanisani, alitaka kabichi; Mwalimu Mwanaidi alitaka tuoteshe mwani, mmea wa baharini. Jioni moja nikiwa nachambua maharage chumbani nilimsikia sebuleni akisema, "Mwalimu, kabichi inaliwa, inauzwa, na mkaguzi akija anaiona. Huo mwani wako utamwonyesha nini?" Mwalimu Mwanaidi akamjibu, "Mkuu, hawa watoto kitabu kinawaambia bahari ni maji mengi ya chumvi. Wanaandika hivyohivyo, wanapata vema, na hawajui wanasema nini. Nataka waijue." Nikasikia Mwalimu Mkuu anakunywa chai. Kisha akasema taratibu, "Sawa. Lakini usiseme sana habari zake huko nje." Nilidhani anaogopa mkaguzi.

Nyuma ya madarasa kulikuwa na tangi la saruji la zamani lisilotumika. Lori la ushirika lilikuwa linateremsha kabichi Tanga na kurudi tupu, basi dereva akakubali kurudi na mapipa ya maji ya bahari. Yaliposhushwa tuliyachovya vidole, tukalamba, tukatema, tukarudia tena. Mwani ulikuja umefungwa ndani ya gunia lililoloweshwa: mmoja mwekundu mnene wenye pembe, mwingine wa kijani, mwepesi, laini kama ngozi ya maziwa. Tukaufunga kwenye kamba, tukazivuta kamba toka ukuta hadi ukuta. Tulishangaa kuambiwa hauna mizizi. Sisi ni watoto wa wakulima, tunajua mmea ni mizizi kwanza. "Sasa unakula vipi, Mwalimu?" "Unakula kwa mwili mzima. Hapa chini una kishikio tu, unashika jiwe, maji yasiuchukue." Akatutengenezea kipimo cha chumvi kwa unyasi uliobandikwa udongo uliochanganywa na nta mwishoni, chumvi ikizidi unyasi unapanda, tunaongeza maji ya mto. Ila kilichotupa kichaa ni zamu ya mwezi. Alitueleza kwamba mwezi ndio unaovuta bahari ikajaa na kukupwa, na kwa kuwa tangini hakuna wa kuivuta, kazi hiyo ni yetu. Asubuhi wawili wanachota maji kwa madebe na kuyatia kwenye mapipa, mchana wanayarudisha. Aliyekuwa zamu aliitwa Mwezi siku nzima. Nilikuwa Mwezi mara nyingi, na nilijisikia mkubwa kweli. Tukirudi nyumbani tunajisifu kwa Kishambaa mbele ya wazazi: leo nimeshusha bahari, leo nimeipandisha. Hakuna aliyetuuliza tuna maana gani. Walitutazama tu, wakaendelea kula makande yao.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa kusuasua na kuondoka kabla ya wakati. Watu wakasema si neno, mluati utakuja, zile mvua ndogo za mwezi wa nane ambazo kwetu huokoa maharage. Mluati haukuja. Ukungu wenyewe, ambao kwetu ni kama mtu wa nyumbani, ukaacha kuteremka. Mchana jua lilikuwa jeupe, na kutwa nzima husikii kitu isipokuwa mashine ya mbao kwa mbali. Huku tangini maji yalikuwa yanapungua kwa jua, unyasi unapanda, nasi kila siku tunakwenda mtoni na madebe kuchota maji ya kupoozea chumvi. Mtoni tunawakuta akina mama wamepanga foleni wanakinga kwa kata. Wanatupisha bila neno. Wanayatazama madebe yetu. Nami hata utoto wangu haukunizuia kuhisi kitu shingoni, kama mtu aliyesimama nyuma yangu.

Halafu wakaja ng'ombe. Ukuta wa tangi ulikuwa unatoa jasho, na jasho likikauka linaacha weupe wa chumvi. Ng'ombe wa kwetu hufungwa zizini na kuletewa majani. Mwezi ule wakaanza kukata kamba. Ukifika shuleni alfajiri unakuta watatu, wanne, wamelizunguka tangi, wanalamba saruji kwa ndimi ndefu, hawageuki hata ukiwapiga. Mwalimu Mwanaidi alitueleza kwamba mnyama hupenda chumvi, hakuna ajabu. Lakini wenye ng'ombe walipokuja kuwachukua walisimama mbali kwanza, wakinong'ona. Mmoja wao alikuwa Balozi wetu wa nyumba kumi. Ofisini alikuwa mtu wa Chama, Kiswahili chake safi, kila mtu ndugu. Siku ile alimfunga ng'ombe wake kamba mpya na kusema maneno yake yote kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, na wenzake wakaitikia kwa pua.

Mwalimu Mkuu akaitisha mkutano wa wazazi ili mambo yaelezwe. Walijaa darasa la saba, wengine wakasimama madirishani. Balozi akamwomba ndugu mwalimu aeleze huo mmea wake unafanya kazi gani. Mwalimu Mwanaidi akasimama, amejifunga kanga na juu yake sweta niliyomwazima. Aliwasalimu vizuri, shikamooni wazee wangu, wakaitikia. Akaeleza uzuri tu, mpaka nikaona mama mmoja anatabasamu. Na kwa kuwa alitaka kuwafurahisha, akaona amalizie kwa lugha yao. Alikuwa amekwisha kuokota kwamba kwa Kishambaa shi ni nchi, ardhi hii tunayoikanyaga. Hilo la kubana aliona la Kiswahili, halina shida: unabana mlango, unabana kamba. Basi akakunja ngumi, akaikandamiza mezani kuonyesha kishikio kinavyoshika, akasema kwa furaha, "Mwani huu hauna mizizi, wazee wangu. Kazi yake ni moja tu: kubana shi!"

Mungu wangu. Mpaka leo nikikumbuka nasikia baridi. Mama aliyekuwa anatabasamu alimvuta mtoto wake akamfunika na kanga. Kwetu kubana shi si kushika ardhi. Ni kuiharibu nchi, kuifungia mvua, kuleta njaa kwa makusudi. Ni neno ambalo halitajwi mbele ya watoto, na mtu anayesemwa nalo hana pa kujificha. Na huyu hapa, mgeni kutoka pwani, aliyeleta maji ya chumvi yasiyootesha kitu, ambaye watoto wetu wanasema wanashusha na kupandisha bahari kwa amri yake, amesimama mbele ya wazee akiwa amekunja ngumi, anatangaza mwenyewe kwamba hiyo ndiyo kazi. Watu wakainuka mmoja mmoja wakatoka. Mwalimu Mwanaidi akabaki anatazama viti, akaniuliza, "Ruthi, nimesema nini?" Nikainama nikaanza kupanga viti, kwa kuwa mimi ni mtoto na neno ni zito.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyemweleza, jioni ileile, sebuleni. Nilikuwa nimeepua ugali na sikuthubutu kuupeleka. Nilisikia anaeleza. Kisha Mwalimu Mwanaidi akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Sasa si nirudi niwaambie nimekosea neno, Mkuu? Wallahi ni neno tu." "Binti yangu, ungekosea wakati mvua inanyesha tungecheka wote." "Basi nitayamwaga maji yote kesho." "Uyamwage wapi? Shambani kwa nani? Mtoni wanakokunywa? Hata mimi siwezi kukuruhusu." Kisha akasema, na sauti yake sikuitambua, "Zamani mtu aliyesemwa hivyo hakuondoka hapa kwa miguu yake. Usitembee peke yako. Huyu mtoto asikuache." Ugali ulipoa, tukaula hivyohivyo, ameniwekea mnofu wote wa papa yeye akala mchuzi.

Hawakumpiga. Hawakumtukana. Waliacha kumwitikia tu, na anayezijua milima yetu anajua maana yake. Kwetu shikamoo haiachwi hewani, hata adui yako utamwambia marahaba kisha mwendelee na uadui wenu. Asubuhi tukitoka anasema, "Shikamoo mama." Kimya. "Shikamoo mzee." Kimya, mtu anapita na jembe lake kana kwamba hapo pana mti. Mama wa maziwa akaacha kuja. Tukaamka tukakuta majivu yamemwagwa kizingitini, yamesawazishwa vizuri kwa mkono. Mwalimu akayafagia bila kuuliza. Kisha ndama wa Balozi akajitia tangini, akanywa mpaka tumbo likavimba, akafa mchana watoto wote wanaona. Tangu siku ile kukawa na wanaume wanne watano wamekaa kwenye nyasi mbele ya tangi, asubuhi mpaka jua lizame, wamelaza mapanga magotini. Walichosema ni kimoja, na alikisema Balozi kwa Kiswahili chake cha ofisini: "Ndugu mwalimu, maji haya yarudi yalikotoka. Na aliyeyaleta arudi nayo. Vuli ikifika haijanyesha na yangali hapa, mimi sitakuwepo kuwazuia hawa." Nilimwogopea mpaka nikawa sili. Nilikuwa namfuata hata chooni, nasimama nje.

Na hapo ndipo palipokuwa na mtego wenyewe. Bila mvua hakuna kabichi. Bila kabichi lori la ushirika haliji. Na bila lori maji hayaondoki. Mwalimu Mwanaidi aliendelea kufundisha. Alisimama ubaoni anachora kishikio, na dirishani nyuma yake yaonekana migongo ya wale wanaume. Mwani mwekundu ulikwisha kufa kwa baridi tangu mwezi wa saba, ulianza kuwa mweupe kwenye pembe kisha ukakatika vipandevipande. Wa kijani ulikuwa hai. Kila asubuhi alikwenda kuutazama, akipita katikati ya mapanga, anasema shikamooni, anainama, anaugusa. Nilimwuliza kwa nini asitoroke kwa miguu mpaka Mombo. Akasema, "Nikikimbia nitakuwa nimekubali." Sikumwelewa wakati ule, nilimkasirikia.

Lori lilikuja vuli ikiwa imekwisha chelewa, na halikufuata kabichi. Lilileta mahindi ya msaada, yale ya njano tuliyoyaita yanga, ambayo kila mtu aliyasema vibaya na kila mtu aliyala. Magunia yaliposhushwa Balozi akamnyooshea dereva kidole, akamwonyesha mapipa. Mwalimu Mwanaidi akatuita darasa zima tangini. Wale wanaume wakasimama wakatupisha. Akasema, kama somo lingine lolote, "Leo maji yanakupwa. Zamu ya nani?" Ilikuwa zamu yangu. Nikachota debe la kwanza. Tulichota mpaka tukafika sakafuni, tukakausha kwa matambara, tukayakamulia ndani ya pipa, kwa sababu Balozi alikuwa ameinama anatazama tusiache tone. Mwani wa kijani akaufunga kwenye gunia bichi, akaupakata. Alipanda nyuma, katikati ya mapipa, si mbele kwa dereva. Hapo mbele hakuambiwa apande. Lori likaondoka. Akaniambia kwa sauti, "Ruthi, usiache shule!" Halikuwa limefika kona ya pili chini ya kanisa nilipohisi harufu ya vumbi lililolowa. Tone likanipiga mkononi. Kisha lingine. Kisha mvua yote.

Sijui niseme nini juu ya mvua ile. Mimi nimesoma, nimefundisha sayansi maisha yangu yote, najua mawingu ya vuli yalikuwa yanajikusanya toka pwani siku nyingi na yangemwagika lori liwepo lisiwepo. Najua. Lakini akina mama walipiga vigelegele, Balozi alivua kofia akainua uso, wale wanaume walitupa mapanga wakacheza kwenye matope, na mimi, Ruthi, nilifungua mdomo nikanywa mvua pamoja nao, kwa sababu nilikuwa na njaa. Kutoka siku ile hakuna hoja ya kitabu ambayo ingeweza kumtetea. Yeye mwenyewe lazima aliiona mvua ile, maana ilimnyeshea njia nzima, kwenye lori lisilo na turubai. Mwalimu Mkuu alifuta mchoro ubaoni asubuhi yake, akatuandikia hesabu.

Kwao, kile kijiji cha wavuvi, nilifika hitima imekwisha somwa. Mwalimu kijana aitwaye Riziki, aliyekuwa mwanafunzi wake, alinipokea, shikamoo bibi, akanipa wali na samaki, kisha akasema twende nikaone alichoacha. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na kwenye mchanga ule wenye majimaji walikuwepo watoto wa shule wameinama, wamevaa sare, wanafunga vichane vya mwani kwenye kamba zilizovutwa toka kijiti hadi kijiti. Wengine wanapima urefu, wengine wanapima chumvi. Wanapiga kelele kama sisi. Msichana mmoja fundo lilimponyoka, kichane kikaelea, na wenzake wote wakamgeukia wakaimba kwa pamoja, "Bana shi! Bana shi!"

Nilisimama. Nilitazama juu bila kupenda, kutazama mbingu inasemaje. Riziki akacheka. "Umelitambua, bibi? Mwalimu alisema ni neno alilopewa huko kwenu milimani. Hapa kila mtoto analijua. Ukifunga ovyo mwani unakwenda na maji, ukibana shi unakaa." Alikuwa amelibeba. Katika mapipa yale, kwenye mvua ile, neno tulilomfukuza nalo alikuwa amelipakata pamoja na gunia lake, akaja kuwafundisha watoto wa watu kama jambo jema. Nililia, na sikuona aibu kulia. Riziki akanishika kiwiko akaniuliza, "Eti bibi, kwa Kishambaa hasa maana yake nini? Hakuwahi kutueleza zaidi."

Watoto walikuwa wametulia wananitazama. Kwa mbali, nchi kavu nyuma yao, milima yetu ilionekana, ya buluu, ina wingu juu.

"Ni hivyohivyo," nikamwambia. "Ni kushikilia."

Nikavua viatu, nikaingia majini. Yalikuwa ya uvuguvugu. Sisi tuliyajua ya baridi. Yule msichana aliyeponyokwa akanipa mwisho wa kamba, akanielekeza pa kufunga, na nilipochelewa akanihimiza kwa adabu, "Bana shi, bibi."

Nikabana.